Khalati ameandikiwa MRI ya nyonga: aende au akatwe tu?

BintiLangoni: Asalaam aleikum. Naandika kutoka Lamu. Khalati yangu, miaka 52, alitokwa na damu miezi kadhaa akanyamaza, akidhani hedhi inarudi. Kipande cha nyama kilipopelekwa maabara, majibu yakaja: saratani ya mlango wa kizazi. Daktari alimpima kwa mkono, uvimbe unakaribia sentimita 4, lakini hataki kutaja hatua, yaani saratani imeenea hadi wapi, mpaka apigwe MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, Mombasa. Mjomba amewaka. Boti hadi Mokowe, basi siku nzima, pa kulala, yote kwa ajili ya picha? Na CT, ile ya eksirei ya kuzunguka mwili, alishapigwa! Asema kizazi kitolewe yaishe. Nishaurini.

MzeeMkunguni: Mpeni habasoda na asali kwanza, mwanangu.

MpigaPicha_Msa: Habasoda ale, mzee wangu, ila boti asilikose. Binti, mimi kazi yangu ni hizo picha. CT inafaa kwa mapafu, ini na tezi zilizovimba, lakini pale kwenye mlango wa kizazi nyama karibu zote hutoka kijivu kimoja. MRI inazitenganisha. Kwenye picha za T2, aina moja ya picha za MRI, mlango huo una pete nyeusi, na uvimbe unaonekana kijivu ndani yake. Pete ikiwa nzima, uvimbe haujatoka. Ikiwa imekatika na uvimbe umechomoza ubavuni mwake, hiyo ni hatua ya IIB, na hapo kwa kawaida hakatwi mtu: ni mionzi pamoja na dawa ya saratani iitwayo sisplatini kila wiki, kisha mionzi ya ndani.

Watapiga na za difyusheni, zinazofuata mwendo wa maji ndani ya nyama. Seli za saratani zimebanana kama abiria wa boti siku za Maulidi, maji hayana pa kupita, basi pale panang'aa. Hizo hazitaki hata sindano ya dawa.

NesiMalindi: Mjomba asome hapa. Nimemuuguza mama aliyekatwa haraka haraka, maabara ikakuta saratani ukingoni mwa nyama iliyotolewa. Akapelekwa mionzi juu ya kidonda. Kibofu na matumbo yakamtesa mara mbili. Zamani hatua ilitajwa kwa mkono wa daktari na vipimo vichache. Tangu 2018 mwongozo wa FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi na wanawake, unakubali picha zihesabiwe, na tezi za nyonga zikikutwa na saratani hatua inaruka hadi IIIC. Ila MRI nayo si malaika. Tezi ndogo yenye seli chache inaweza kuipita.

Na kabla ya kukata tiketi, ulizeni dawati la SHA, bima ya afya ya serikali, habari za idhini. Msifike Mombasa mkaambiwa mrudi.

BintiLangoni: Mjomba amesoma mara mbili, kimya. Sasa ameuliza moja tu: khalati ana bangili ya dhahabu, haijatoka tangu harusi.

MpigaPicha_Msa: Itoke huko huko nyumbani, sabuni na maji baridi. Pini za mtandio pia. Kama ana kitanzi cha uzazi wa mpango au chuma chochote mwilini, aseme mlangoni. Abebe ile CT na majibu ya figo, na asile saa nne kabla, matumbo yatulie. Yakicheza picha inaharibika. Mashine inagonga kama fundi wa majahazi, atapewa vya kuziba masikio.

BintiLangoni: Imetoka. Sabuni ya kufulia, na makelele. Tuko Mokowe, mjomba ndiye aliyebeba begi.