Afrika nafasi mbili tu Kombe la Dunia la soka la ufukweni: tunaonewa, au ndicho kipimo chetu?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Leo tuuache mpira wa nyasi upumzike, nina la mchangani.

Mei 2025 Kombe la Dunia la soka la ufukweni kwa wanaume lilichezwa Afrika kwa mara ya kwanza, kule Victoria, Shelisheli. Timu 16, na sisi tulikuwa na tatu: Senegal, Mauritania na wenyeji. Watu wakashangilia kwamba sasa tunahesabika. Tulieni kwanza. Ile nafasi ya tatu ilikuwa ya mwenyeji, na mashindano yakiondoka inaondoka nayo. Za kwetu hasa ni mbili, kwa bara lenye wanachama 54 wa FIFA.

Tazama mgawanyo wa mwaka huo. Ulaya nne, Amerika Kusini tatu, Asia tatu, Amerika ya Kaskazini na Kati pamoja na Karibiani mbili, Oceania moja. Shirikisho la Amerika Kusini lina nchi 10 tu. Najua mtu atasema Brazil ni Brazil, na ni kweli, mataji saba tangu FIFA ianze kuyasimamia mashindano haya mwaka 2005 si mchezo. Lakini ubora wa Brazil unajaza nafasi ya Brazil. Hizo mbili nyingine zinahitaji hoja yake.

Sasa njoo kwenye kiini. Hata hizo mbili zetu kiuhalisia ni moja. Mashindano ya Afrika yanatoa bingwa na mshindi wa pili kwenda Kombe la Dunia, na tangu 2016 bingwa ni Senegal tu: 2016, 2018, 2021, 2022, 2024. Mara tano mfululizo. Fainali ya 2024 pale Hurghada waliifunga Mauritania 6-1. Kwa hiyo wengine wote, nchi 53, wanagombea tiketi moja kila baada ya miaka miwili hivi.

Jiweke kwenye kiti cha rais wa shirikisho la soka la nchi yoyote ya kati. Una timu ya taifa ya wakubwa, ya wanawake, za vijana, na bajeti haitoshi hata nusu yake. Anakuja kocha wa soka la ufukweni anaomba kambi ya wiki tatu. Ukiangalia mbele unaona mlango mmoja, na mlangoni kuna foleni ya bara zima. Utampa? Humpi. Utamwambia asubiri, halafu mwezi mmoja kabla ya mchujo utaokota wachezaji kwenye vilabu vya kawaida, uwavue viatu, uwaite timu ya taifa.

Na mchezo huu haukubali kuokoteza. Ni watu watano kila upande pamoja na kipa, vipindi vitatu vya dakika 12, unabadilisha wachezaji bila kikomo. Mpira haubingiriki. Pasi ya chini uliyoizoea kwenye nyasi inafia njiani, ndiyo maana wanaoujua wanauinua mpira kwa vidole vya mguu na kuumaliza hewani, kwa kichwa au tikitaka. Faulo nayo haina ukuta. Mpigaji anajitengenezea kichuguu kidogo cha mchanga, anauweka mpira juu yake, na mbele yuko kipa peke yake kwenye goli la mita tano na nusu. Mchezaji mgeni anacheza rafu ile ile ambayo kwenye nyasi ingemletea ukuta wa watu wanne, hapa anaigharimu timu yake goli. Hayo hayafundishwi kwa mwezi.

Hoja yangu basi: Afrika ipewe nafasi ya tatu ya kudumu. Siiombi kama sadaka. Nafasi ya tatu ina maana hata timu inayopoteza nusu fainali ya Afrika bado ina mechi ya kufa na kupona, na rais wa shirikisho ana sababu ya kumsikiliza yule kocha.

Naomba kuwasilisha. Wenye mawazo tofauti karibuni, ila tuache matusi.

Mchangiaji 1

Mkuu, umepanga vizuri lakini umeanzia mwisho. Nafasi haijengi timu, timu ndiyo inajenga nafasi.

Tazama Tahiti. Oceania ina nafasi moja, ya mwisho kabisa kwenye mgawanyo wako. Tahiti wakaandaa mashindano mwaka 2013 pale Papeete, wakafika nusu fainali. Ungesema bahati ya mwenyeji. Mwaka 2015 wakafika fainali Ureno dhidi ya Ureno yenyewe, wakapoteza 5-3. Mwaka 2017 fainali tena, Brazil wakawapiga 6-0. Fainali mbili mfululizo kwa bara lenye nafasi moja! Hao hawakulia nafasi, walicheza.

Na wale washindi wa pili wetu? Nigeria kwenye Kombe la Dunia la 2019 hawakutoka kwenye kundi. Msumbiji 2021 hivyo hivyo. Misri 2024 hivyo hivyo. Kila mara anakwenda mwingine, na kila mara anarudi mapema. Ukiongeza wa tatu utakuwa umeongeza nani hasa?

Mchangiaji 2

Mimi nashangaa nchi zenye pwani ndefu zinashindwaje. Mchanga tunao bure, jua bure, vijana wako ufukweni kutwa. Serikali ziwekeze tu.

Mchangiaji 1

Ndugu yangu, bahari haina uhusiano. Fainali ya Shelisheli Brazil aliifunga nani? Belarus, 4-3. Belarus haina bahari hata ya kunawia miguu. Uswisi walicheza fainali ya 2009 Dubai, nao hawana. Paraguay hawana bahari na waliandaa mashindano mwaka 2019. Huku kwetu Uganda walikwenda mashindano ya Afrika 2021, na Malawi 2024. Sheria inataka mchanga wenye kina cha sentimita 40 angalau, na mchanga unabebwa na lori.

Mleta mada

Mchangiaji 1, nakushukuru kwa Belarus, umenisaidia bila kujua. Belarus wameutoa wapi ubora ule? Ulaya ina ligi ya timu za taifa za soka la ufukweni tangu 1998, ile Euro Beach Soccer League. Kila kiangazi wanakutana na Ureno, Uhispania, Italia. Mchezaji wa Belarus akifika Kombe la Dunia, Ureno si kitu kipya kwake, walishagongana mara nyingi. Mchezaji wa Msumbiji anakutana na Uhispania kwa mara ya kwanza kwenye Kombe la Dunia lenyewe, halafu tunamwambia hajui.

Kuhusu Tahiti, soma tena ulichoandika. Walianza kupaa walipokuwa wenyeji, yaani walipokuwa na uhakika wa nafasi. Na kwenye mchujo wa Oceania hawana Senegal mlangoni. Wakijiandaa vizuri wanajua watakwenda. Huo uhakika ndio unaofanya mtu awekeze miaka minne kwa wachezaji wale wale. Nipe timu moja ya Afrika mbali na Senegal yenye uhakika huo.

Na kwamba washindi wa pili ni tofauti kila mara: Nigeria, Msumbiji, Misri, Mauritania, mara nne majina manne. Wewe unaona udhaifu. Mimi naona angalau nchi nne zenye uwezo unaokaribiana, zinapokezana kijiti kimoja. Rudi nyuma hadi 2015, Madagaska walikuwa mabingwa wa Afrika. Wako wapi leo?

Mchangiaji 3

Mnasahau Shelisheli wenyewe. Walikuwa na uhakika wa nafasi kwa muda mrefu kuliko timu yoyote ya Afrika, na walipofika hawakuvuka makundi. Kama uhakika ndio dawa, mbona haikuwatibu?

Mleta mada

Swali zuri, na ni gumu. Nchi ina watu kama laki moja na ushee, wote ukiwajumlisha ni kama kata chache za jiji kubwa. Kumpima kila mtu kwa Shelisheli si sawa. Ila nakubali kwamba uhakika bila mechi za ushindani hautoshi. Vinakwenda pamoja.

Mchangiaji 4

Nimefuatilia mchezo huu tangu enzi zile Ufaransa ya Eric Cantona inachukua kombe la 2005 Copacabana, kwa penalti mbele ya Ureno. Niwaambie kitu mnachokikwepa wote: nafasi ni 16. Mleta mada anataka ya tatu, sawa, inatoka kwa nani? Hilo ndilo swali, na hajaligusa.

Ulaya? Kwenye nne bora za 2025 walikuwa wawili, Belarus na Ureno. Hapo hupunguzi. Ukipunguza Ulaya unadhoofisha mashindano yenyewe, maana Urusi iliyobeba kombe 2011 na 2013, na tena 2021, siku hizi haipo kabisa, na pengo limeonekana.

Asia? Japani walicheza fainali ya 2021, Iran wakawa wa tatu 2017 na 2024. Hapo pia huna kesi.

Amerika ya Kaskazini na Kati wana mbili kama sisi. Mexico fainali 2007, El Salvador nusu fainali 2011. Tangu hapo ukimya. Amerika Kusini umesema mwenyewe, tatu kwa nchi 10. Hapo ndipo ningeanza, lakini nisingewanyang'anya moja kwa moja. Weka mechi ya mchujo kati ya mabara: wa tatu wa Afrika acheze na wa tatu wa Amerika Kusini, au na wa pili wa Amerika ya Kaskazini na Kati, kwenye uwanja usio wa yeyote. Atakayeshinda aende. Hakuna atakayelalamika kuonewa, na wa tatu wetu atakuwa amepata mechi ngumu hata akifungwa.

Mchangiaji 5

Au ziwe timu 24 yaishe. Kombe la wakubwa limeongezwa hadi 48, huku kuna dhambi gani?

Mchangiaji 1

Timu 24 kwenye mchezo ambao matokeo ya 10-1 tayari yapo? Hapana mkuu. Tutapata mashindano marefu na makundi ya kuhurumiana.

Mchujo wa Mchangiaji 4 naukubali zaidi ya nafasi ya bure. Tena niongeze: Senegal wenyewe ndio ushahidi kwamba inawezekana kwa mfumo huu huu. Walimtoa Brazil robo fainali 2021, wakamaliza wa nne. Wamemaliza wa nne tena 2025. Hawakuongezewa nafasi na mtu.

Mleta mada

Senegal wamefika nne bora mara mbili ndani ya mashindano matatu, na bara lao linahesabiwa sawa na bara ambalo halijafika nusu fainali tangu 2011. Hizo takwimu zako ndizo ningezipeleka FIFA kama zilivyo.

Mchujo nitaupokea kwa sharti moja: uanze na Amerika Kusini au Amerika ya Kaskazini na Kati wakiweka nafasi yao mezani, isiwe Afrika inaombwa kuhatarisha ya pili ili kutafuta ya tatu.

Mchangiaji 4

Sharti lako ni la haki. Lakini na gharama nani atalipa? Si mara moja timu za Afrika zimejitoa kwenye mchujo wa humu humu barani kabla ya kugusa mpira, kwa sababu ya nauli. Ukimwambia wa tatu wetu apande ndege na msafara wa wachezaji 12 na benchi la ufundi kwenda kucheza mechi moja bara jingine, shirikisho litaandika barua ya kujitoa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla hatujapeleka ombi la nafasi FIFA, ombi la kwanza liende CAF, shirikisho la soka la Afrika: walipie safari za mchujo wa ufukweni. Mleta mada, hilo uliingize kwenye hoja yako au bado unaona nafasi ndiyo ya kwanza?