Naomba ushauri: mama ana baridi yabisi na tumbo linamsumbua
Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 58, ambaye tangu mwaka 2021 anaugua baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia maungio ya mwili wenyewe. Anatumia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga hiyo, mara moja kwa wiki, pamoja na vidonge vya foliki asidi, ambayo ni aina ya vitamini, na kwa kweli dawa zimemsaidia: zamani asubuhi hakuweza hata kufunga kifungo cha gauni, sasa anakuna nazi mwenyewe.

Tatizo ni tumbo. Siku moja au mbili baada ya kumeza dawa hupata kichefuchefu, tumbo hujaa gesi, na anachokitamani ni uji mweupe tu na chai ya rangi. Jirani amemshauri aache dawa kabisa, anywe mtindi na maji ya mwarobaini. Hilo nimelikataa, kwa kuwa maungio yakishaharibika hayarudi. Hata hivyo naelewa kwamba bakteria wazuri wa utumbo hustawi kwa nyuzinyuzi, hivyo ningependa kumrudishia kunde, mchicha na ugali wa dona bila kumwongezea gesi.

Mliowahi kuuguza mgonjwa wa namna hii, mlianza na chakula kipi, na kwa kiasi gani? Je, kuloweka kunde usiku kucha na kumwaga maji yake kulisaidia? Na yupo ambaye daktari alimhamishia kwenye sindano badala ya vidonge, tumbo likatulia? Kliniki yake ni mwezi ujao, nami ningependa kumuuliza daktari maswali yanayoeleweka.