Presha ya mzee inapanda akilala, naomba ushauri

Asalaam alaykum jamani, naomba ushauri kwa mnaouguza wazee. Babaangu yupo hapa Wete ana Parkinson (ule ugonjwa wa neva wa kutetemeka), dokta kasema neva zinazoendesha presha zishachoka, basi mchana akinyanyuka kitini inashuka mpaka 90/60 anaona kiza, ila usiku akishalala chali tu inaruka 180/100 na mkojo hauishi, usiku kucha chooni, na huko chooni ndo nakoogopa zaidi maana akisimama ghafla inashuka tena. Yaani ukitibu huku unaharibu kule!

Dawa ya kupandisha, midodrini, tunampa mchana tu, ya mwisho iwe masaa manne au zaidi kabla hajalala, na tumeambiwa tuinue upande wa kichwa wa kitanda. Mito haifai, anateleza mpaka shingo inakunjika. Sasa fundi anataka aweke matofali chini ya miguu ya kitanda ya upande wa kichwa, nyie mlifanyaje kisiserereke? Na kuna aliyeandikiwa dawa ya kushusha ya kulalia, ile isokaa sana mwilini, asubuhi anaamkaje? Bimkubwa anataka ampe maji ya kitunguu thomu, nimemzuia kwanza mpaka tumuulize dokta.