Tupeane uzoefu: wasifu wa mzee aliyejitolea, usiishie kwenye "alikuwa mpenda maendeleo"

Mwanzisha mada

Shikamooni wakubwa. Mzee wa familia akifariki, kamati ya mazishi hugawana kazi upesi: turubai, jeneza, chakula, usafiri. Wasifu hukumbukwa usiku wa kuamkia mazishi, kisha anatwishwa kijana yeyote mwenye kompyuta. Ndiyo maana mzee aliyesimamia bomba la maji la kitongoji miaka mingi bila malipo anazikwa kwa maneno yaleyale ya kila msiba: mpole, mcheshi, mpenda maendeleo. Inauma. Wenye uzoefu wa kuandika na kusoma wasifu, tupeane mbinu, hasa kwa wazee ambao kazi yao kubwa haikuwa na mshahara.

Katibu wa kamati za misiba, Moshi

Anza na karatasi, watu baadaye. Omba mkoba wa nyaraka za mzee kabla nyumba haijajaa wageni. Humo tafuta cheti cha ubatizo na cha ndoa, kitambulisho cha taifa, kadi ya chama, kadi ya pensheni, na madaftari yake yote hata yaliyoliwa na mende.

Mwaka wa kuzaliwa ndio huleta mvutano. Kitambulisho kina wake, ubatizo una wake, na fundi wa msalaba keshapewa wa tatu kwa simu. Kama alibatizwa akiwa mchanga, daftari la parokia ndilo lenye uzito. Alibatizwa mkubwa? Basi na hilo huenda lilikadiriwa. Ukikuta tarehe 1 Januari au 1 Julai, uliza mara mbili, maana makarani wengi walijaza hivyo mtu asipoijua siku yake. Familia ikishakubali mwaka mmoja, apewe mtu mmoja aupeleke kwa fundi wa msalaba, kwa mwandika wasifu na kwa mchapaji.

Pasipo karatasi, pima kwa matukio. Kaa na wazee wenzake: Uhuru wa 1961 ulimkuta ameoa? Azimio la Arusha 1967, kifungua mimba wake alikuwa anatembea? Watu walipohamishiwa vijijini 1974, alihamia hapa au walimkuta hapa? Vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, alikwenda au alibaki na mgambo? Majibu yakishikana, andika "mwanzoni mwa miaka ya 1940". Tarehe ya kubuni msiiweke.

Mwalimu mstaafu, Dodoma

Niseme la kujitolea, maana ndipo wasifu nyingi zinapopwaya. Kila jambo alilofanya lijibu maswali matano: nini, wapi, tangu lini hadi lini, pamoja na nani, na kimebaki nini. Watoto wake mara nyingi hawajui. Anayejua ni jirani, fundi mwenzake, mhasibu wa kamati ya maji, na mihtasari iliyoko ofisi ya kijiji. Tuma vijana wawili jioni, mmoja aulize, mwingine aandike.

Wazee wa rika hilo wengi walifundisha kisomo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilisikilizwa redioni kwa vikundi, watu wakachimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji. Uliza kama aliongoza kikundi. Uliza redio ilikuwa ya nani na walikaa chini ya mti gani. Mtu akikumbuka mti, na mengine yanafuata.

Linganisha. "Alipenda kusaidia jamii katika sekta ya maji." Halafu: "Alitunza funguo na spana za pampu ya kisima cha kitongoji. Pampu ikianza kutoa maji kidogo aliifungua, akavuta vyuma juu kimoja kimoja, akabadili mpira uliolika na kuifunga kabla kina mama hawajarudi jioni. Kila senti ya ndoo aliiandika kwenye daftari la kurasa 96, upande wa kulia matumizi." Ya pili hakuna anayeweza kuisoma kwenye msiba mwingine.

Onyo moja. Usiandike "alijenga shule". Waliobeba mawe wamekaa hapo kwenye viti, na minong'ono itaanza. Andika "alipanga zamu za kubeba mawe na mchanga, naye akiwa na zamu yake".

Msomaji wa wasifu, Mbeya

Msibani watu husoma polepole, kama maneno 100 kwa dakika. Maneno 600 ni dakika 6, na zaidi ya hapo jua linawachoma wageni na mchungaji anaangalia saa. Chapa herufi za ukubwa wa 16, mistari iachane, upande mmoja wa karatasi, sentensi isikatike ukurasa unapoisha. Weka namba za kurasa, upepo ukipeperusha utajua pa kurudi. Nakala tatu: ya msomaji, ya msomaji wa akiba, ya mshereheshaji.

Mtoto wa marehemu asipewe kusoma, hata akisema anaweza. Akifika kwenye "ameacha mjane" sauti inakatika. Mpe mkwe au mpwa, na asome kwa sauti mara mbili asubuhi ile mbele ya mama wa nyumba.

Shangazi wa familia kubwa, Singida

Orodha ya watoto isomwe kwanza na baraza dogo la ukoo. Waliotangulia mbele ya haki watajwe pia. Watoto wa mama tofauti wapangwe kwa umri, majina matupu, bila "wa ndani" na "wa nje". Idadi ya wajukuu na vitukuu ihesabiwe na mama wawili tofauti, kisha mlinganishe. Jina likirukwa pale, ugomvi wake unaamka upya kwenye kikao cha mirathi. Ugonjwa upewe mistari miwili tu.

Mtu wa Pwani, Tanga

Kwetu Waislamu maziko huharakishwa, hakuna nafasi ya wasifu mrefu. Kabla ya kuswaliwa, msemaji wa familia hutangaza madeni: anayemdai marehemu aende kwa fulani. Habari za maisha yake ziwekeni siku ya hitma, watu wametulia.

Mzee akiwa alijitolea kuosha maiti au kuchimba makaburi, itajwe kazi na miaka yake. Aliowaosha wasitajwe kabisa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, naye kaondoka nayo.

Katibu wa kamati za misiba, Moshi

Nyongeza ya picha. Mkizitoa kwenye albamu kuzichapa, andikeni nyuma jina, mahali na mwaka kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya au huganda kwenye picha ya jirani. Zikirudi, wasifu uliochapwa uingie kwenye albamu hiyohiyo, na nakala nyingine ipelekwe ofisi ya kijiji pamoja na daftari lake la maji, kamati mpya italihitaji kujua mpira ulibadilishwa lini.