Tambi za kuoka za Kimarekani zenye asili ya Kichina: kwa nini zangu zimeganda?

Binti Shangani (Mtwara Mjini):
Habari zenu, ndugu zangu. Wifi yangu aliyewahi kuishi Minnesota, Marekani, alinieleza chakula kinachopikwa sana majumbani huko: tambi, jodari, uyoga na kitunguu vinachanganywa na sosi ya soya, juu yake hutandazwa korosho na tambi kavu za kukaangwa, kisha vyote huokwa pamoja. Nilifurahi, maana korosho na jodari kwetu havitafutwi mbali. Jumapili nikawapikia wageni sita. Nilichemsha tambi zikaiva kabisa, nikazichanganya na sosi nzito ya maziwa, nikaoka kwa muda wa saa nzima juu ya jiko la mkaa. Nilipofunua, tambi zilikuwa zimeshikana hata zikakatwa kwa kisu, korosho zimelainika, na chumvi imezidi. Nilikosea wapi? Na je, hiki ni chakula cha Wachina kweli?

Mama Ligula:
Pole, dada. Kosa kubwa ni kuziivisha tambi kabla ya kuzioka. Tambi huendelea kunywa maji ndani ya sosi, kwa hiyo gramu 250 zichemshe nusu ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, tena bila chumvi, kwa sababu sosi ya soya ina chumvi ya kutosha, na jodari wa kopo naye ana yake. Sosi nayo iwe nyepesi kuliko unavyodhani: kaanga unga wa ngano vijiko vikubwa vitatu katika siagi vijiko vitatu, mimina maziwa vikombe vitatu kidogo kidogo huku ukikoroga, halafu tia uyoga na vitunguu ulivyokwisha kuvikaanga, na sosi ya soya vijiko viwili. Ionje kwanza kabla ya kufikiria chumvi. Mimi hutumia jodari mbichi, nikamchemsha na kumchambua, kwani nyama yake haivurugiki kama ya kopo. Dakika 25 za moto wa wastani zinatosha.

Mpenda Historia, Mikindani:
Kuhusu asili yake, jina la tambi zenyewe, chow mein, ni la Kichina na maana yake ni tambi za kukaangwa. Wahamiaji kutoka Guangdong, waliovuka kwenda California kuanzia wakati wa kukimbilia dhahabu mwaka 1849 na kuendelea, ndio waliofika na upishi huo. Lakini kuzioka ndani ya bakuli pamoja na sosi ya maziwa ni jambo la majiko ya Wamarekani wenyewe, lililowezeshwa na vyakula vya makopo. Kampuni ya La Choy, iliyouza vyakula vya Kichina vya makopo, ilianzishwa Detroit mwaka 1922 na Wally Smith pamoja na Ilhan New, mzaliwa wa Korea. Wala hakuna Mchina kati yao. Supu nzito ya uyoga ya Campbell's ilifuata mwaka 1934, na sosi aliyoieleza Mama Ligula inashika nafasi yake vizuri. Kwa hiyo kiite chakula cha Kimarekani chenye mizizi ya Kichina.

Mpishi wa Lindi:
Nakubaliana na Mama Ligula isipokuwa kuhusu sehemu ya juu, ambayo hakuigusa. Mwenye oveni anaweza kutandaza korosho dakika kumi za mwisho bila kufunika, lakini kwenye sufuria ya mkaa mvuke hauna pa kutokea, nao ndio uliozilainisha korosho zako. Palia makaa mengi juu ya kifuniko na machache chini, kama unavyooka mkate wa kumimina, ila vya juu uvitandaze baada ya kuepua. Chemsha tambi za mayai kiasi cha konzi moja, zichuje, zianike juu ya kitambaa mpaka zikauke kabisa, ndipo uzikaange katika mafuta mengi. Ukizikaanga bila kuzichemsha, zitabaki ngumu menoni. Korosho zikaange kavu kando. Vipande vya korosho, ambavyo bei yake ni nafuu, vitie ndani ya sosi, na korosho nzima uziweke juu.

Binti Shangani:
Asanteni sana. Nimerudia jana jioni kwa kufuata maelekezo yenu. Tambi zimeachana, sosi imezishika bila kuzigandisha, na korosho za juu zilisikika zikivunjika menoni mpaka sahani ya mwisho.