Mchokozi wa barafuni: abanwe au aachwe atuchekeshe?

Mzee wa Kizimba: Wakuu, tuanze. Aprili 2018 Brad Marchand, mshambuliaji wa hoki ya barafu akiwa timu ya Boston, alimlamba Leo Komarov wa Toronto. Mei akamlamba Ryan Callahan wa Tampa Bay usoni, kamera zote zikimtazama. NHL, ligi yao ya Marekani na Kanada, ikaishia kumwonya. Hakufungiwa mechi wala kutozwa senti. Je, ligi iwabane watu wa aina hii, au hoki ya barafu bila wao haina chumvi?

Kisogo Salama: Ulimi haujawahi kumvunja mtu mbavu. Mnacheka kulamba, mtama mnaupita. Novemba 2021 Marchand alimkata mtama Oliver Ekman-Larsson wa Vancouver, akafungiwa mechi 3. Mkono unasukuma kifua kurudi nyuma, papo hapo mguu unafagia visigino kuja mbele. Barafuni huna pa kushika, kisogo ndicho kinachotangulia chini. Hilo ndilo la kujadili.

Shabiki Namba 63: Wenzangu mnaongea kama watu wasioelewa kazi ya mchokozi. Ni hesabu. Anasubiri kipa adake paki, kile kisahani kinachochezwa badala ya mpira, anakuja mbio na kufunga breki mbele yake, theluji inamjaa kipa usoni. Beki lazima aje kumsukuma. Hapo anamgusa kwa gongo nyuma ya goti, ambako kinga ya ugoko haifiki, na neno moja la shombo juu yake. Marefa wawili macho yalikuwa kwenye paki, kwa hiyo wanayemkamata ni yule anayelipiza. Dakika 2 nje ya mchezo kizimbani, sisi watano wao wanne. Burudani mnaiona nyinyi, yeye anatafuta bao.

Bi Kocha: Umesahau inavyoharibika. Refa akichoka anawatoa wote wawili, mnabaki wanne kwa wanne, faida sifuri. Ukianguka kwa mbwembwe, kuna adhabu ya kujiangusha. Na ukizidisha kiasi ukala dakika 5, wapinzani wanaweza kukufunga hata mara tatu na bado hurudi. Ile ya dakika 2 angalau inaisha wakishafunga.

Gongo la Mjini: Sean Avery wa New York ndiye baba yao. 2009 alisimama mbele ya Martin Brodeur, mgongo kwa paki, anampungia kipa gongo usoni kama anafukuza nzi. Sheria haikuwa na neno.

Bi Kocha: 2008, kaka, na ni Aprili. Kesho yake tu NHL ikatoa tafsiri: ukimgeukia kipa hivyo, dakika 2 za utovu wa nidhamu. Kanuni hiyohiyo inatosha kwa kulamba, tatizo ni nani apulize filimbi.

Jani la Bluu: Mashabiki wa Boston mna unafiki wa hali ya juu. Februari 2022 Marchand kampiga ngumi kipa Tristan Jarry wa Pittsburgh, wanamtoa, njiani akamdunga na gongo usoni kwenye barakoa. Mechi 6! Mlimtetea. Machi 2025 akauzwa Florida, ghafla mkaona ni mkorofi. Mkuki kwa nguruwe.

Shabiki Namba 63: Toronto mnafundisha watu adabu? Kombe lenu la mwisho ni 1967. Kaeni kimya.

Jani la Bluu: Hiyo 1967 ndiyo hoja pekee mliyobaki nayo. Tunaongelea tabia, wewe unaleta kalenda.

Shabiki Namba 63: Nakuletea nyingine basi. Mechi ya saba, ile ya kuamua nani anasonga, Marchand kacheza nanyi: 2013, 2018, 2019, 2024 akiwa Boston, 2025 akiwa Florida. Tano kwa tano amewatoa nyinyi. Ile ya 2025 ni 6-1, tena nyumbani kwenu. Halafu akaenda kubeba kombe.

Mzee wa Kizimba: Wakuu, mada jamani.

Gongo la Mjini: Mada ndiyo hii, mzee! 2013 Toronto walikuwa mbele 4-1 kipindi cha tatu. Boston wakapunguza moja, kisha wakamtoa kipa, wakaingiza mshambuliaji wa sita, wakasawazisha kwa mabao mawili ndani ya dakika moja na nusu ya mwisho. Kwenye muda wa nyongeza Patrice Bergeron akamaliza. Hapo nani alilambwa?

Jani la Bluu: Cheka tu. Sisi tulicheza hoki, hatukuwa na kichaa wa kuumiza watu.

Kisogo Salama: Hapana, hapo umejikaanga. Nazem Kadri alikuwa wa nani? 2018 dhidi ya Boston kafungiwa mechi 3 kwa kumbamiza Tommy Wingels ukutani. 2019, Boston haohao, kampiga Jake DeBrusk gongo la kichwa, kamaliza raundi nzima jukwaani. Mara zote mbili mkatolewa mechi ya saba. Mchokozi anachokoza ili mwenzake akasirike. Kadri alikasirika yeye.

Bi Kocha: Na wakamuuza Colorado. 2022 akachukua kombe huko.

Jani la Bluu: Kadri wekeni pembeni. Mbona hakuna anayejibu ya Jarry?

Shabiki Namba 63: Ya Jarry ilijibiwa kwa mechi 6. Wewe jibu ile 4-1.