Naombeni ushauri: nijiunge na utafiti wa dawa ya kutetemeka mikono au niache?

Sindano na Uzi
Wakuu, habari zenu. Mimi ni fundi wa kushona na mikono yangu inatetemeka. Nikiilaza mapajani inatulia kabisa. Shida ni nikishika sindano, nikitia sahihi, nikiinua kikombe. Daktari wa mishipa ya fahamu alinichorisha mstari wa kuzunguka kama konokono, ukatoka umejaa vipindapinda, akasema ni esenshali trema, yaani mtetemo unaokuja mikono ikitumika, si Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo ambao mara nyingi hutetemesha mikono hata ikiwa imetulia. Sasa nimealikwa kwenye utafiti wa dawa mpya. Kuna watakaopewa dawa na kuna watakaopewa vidonge visivyo na dawa, na hakuna atakayejua yuko upande gani, hata madaktari wanaotupima. Kabla ya kuanza kuna siku ya vipimo vya kuona kama nafaa. Usingizi umenikimbia. Nijiunge au niache? Nawasilisha.

Ngalawa
Pole sana mkuu. Ushauri wangu mfupi: usikubali kugeuzwa panya wa maabara. Afya ni amana. Wanaotafuta dawa wanatafuta majina yao, wewe watakusahau wakishamaliza.

Kitinda Mimba
Mkuu achana na vidonge, kuna njia ya mawimbi ya sauti. Hawapasui fuvu. Unanyolewa kichwa, unaingizwa kwenye mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, mawimbi yanakusanywa sehemu moja ndani ya ubongo mpaka pale panaungua na mkono unatulia. Marekani waliidhinisha mwaka 2016 kwa upande mmoja wa ubongo, na mwaka 2022 wakaruhusu upande wa pili, mradi ipite miezi tisa. Wengine hubaki na ganzi au kuyumba wakitembea, lakini mimi ningeenda huko.

Binti Msomi
@Ngalawa hapana. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, la Chama cha Madaktari Duniani, ndilo msingi wa tafiti za aina hii: mshiriki aelezwe faida na hatari, akubali kwa hiari yake, na anaweza kujitoa wakati wowote. Hata levodopa wanayotumia wagonjwa wa Parkinson leo ilipita mikononi mwa watu waliokubali kujaribiwa. Bila wao tusingekuwa nayo.

Mtoto wa Mchoraji
Mimi nina la baba yangu. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, mkono ukamgomea. Akawekewa waya mwembamba mpaka kwenye thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo, na betri chini ya ngozi ya kifua. Sehemu kubwa ya upasuaji alikuwa macho, maana walitaka achore huku wakipima umeme. Alitusimulia kwamba walipofika kiwango sahihi, kalamu ilienda moja kwa moja, akaanza kulia pale pale mezani na daktari akamwomba asitikise kichwa. Chimbuko la njia hiyo ni Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Daktari Benabid alikuwa anatumia umeme kutafuta mahali pa kuunguza, akaona umeme wa kasi peke yake unazuia mtetemo, hakuna haja ya kuunguza. Baba alirudi kazini. Samahani, nimetoka nje ya swali.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, kabla hatujafika Ufaransa. Sasa hivi unatumia dawa gani ya huo mtetemo? Na hao watafiti wamekuambia uifanye nini?

Sindano na Uzi
Asanteni wote. Mama Nesi, hiyo ya dawa si muhimu sana. Ninachotaka kujua ni kama nijiunge.

Nesi Mstaafu
Ni muhimu kuliko yote uliyoandika. Dawa gani?

Sindano na Uzi
Propranolol. Nilipewa kwa ajili ya mtetemo na presha pia. Nimeiacha wiki iliyopita.

Nesi Mstaafu
Nani alikuambia uiache? Uliipunguza kidogo kidogo au uliikata mara moja?

Sindano na Uzi
Nilikata mwenyewe. Naombeni mnielewe kabla hamjanihukumu. Karatasi ya utafiti inasema mtetemo lazima ufikie kiwango fulani ndipo uchukuliwe. Nikimeza propranolol mikono inatulia nusu nusu, na nikapimwa nikiwa hivyo watasema sifai. Fomu iliuliza dawa ninazotumia, nikaandika hakuna. Sijamwibia mtu. Mtetemo ni wangu wa kweli, nimeuacha tu uonekane. Na nikikubaliwa nikaona hali mbaya, nitarudia propranolol taratibu bila kuwasumbua.

Binti Msomi
Hapana kaka, hapana kabisa. Fikiria wewe uko upande wa vidonge visivyo na dawa, halafu unameza propranolol kimya kimya. Mikono inatulia. Watafiti wataandika kwamba vidonge bandia vimefanya kazi, na dawa mpya, hata kama ni nzuri, itaonekana haina tofauti. Ukiwa upande wa dawa mpya, sifa za propranolol atapewa mwingine. Tayari kazi yao ni ngumu: mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba kwa mgonjwa wa Parkinson hata dawa bandia inaweza kuufanya ubongo utoe dopamini, ile kemikali inayopungua kwa wagonjwa hao, kwa sababu tu anatarajia nafuu. Ukiongeza uficho juu ya hapo, hakuna atakayejua kilichotokea.

Nesi Mstaafu
Mimi sijafika kwenye utafiti bado. Propranolol haikatwi ghafla. Moyo uliokuwa umezuiwa kwa muda mrefu unaachiwa kwa mkupuo: mapigo yanakimbia, presha inapanda, na mwenye shida ya moyo anaweza kupata maumivu ya kifua au shambulio. Na huo mtetemo unaotaka wauone, sehemu yake inaweza kuwa ni mwili kushtuka kwa kukosa dawa. Moyo unaendaje usiku? Kifua kinabana?

Mpekuzi
Wakuu mnapigwa chai hapa. Moja, mtu asiyeweza kushika sindano anaandikaje aya ndefu bila kukosea herufi? Mbili, mwaka jana huyu huyu alileta uzi akisema anayetetemeka ni baba yake. Leo ni yeye. Kesho atakuwa mjomba.

Kitinda Mimba
Eeh, hata mimi nimeukumbuka ule uzi. Mleta mada, jibu.

Mtoto wa Mchoraji
Mpekuzi, kuwa na subira. Katika familia nyingi ugonjwa huu unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Baba kuwa nao na mwana kuwa nao si ajabu hata kidogo.

Sindano na Uzi
Simu inaandika ninavyoongea, kisha binti yangu ananisahihishia. Baba alikuwa nao kweli. Yeye ulifika mpaka kwenye sauti, akaacha kuongea mbele za watu, na watu wakasema ni mlevi. Ule uzi niliuandika kwa ajili yake, wakati mikono yangu ilikuwa imeshaanza na sikutaka kusema. Mama Nesi, ndiyo, usiku moyo unakimbia. Nilidhani ni wasiwasi.

Nesi Mstaafu
Nenda hospitali leo, usingoje kesho, na kifua kikibana usiende peke yako. Waambie ulikuwa unameza kiasi gani na umeacha lini. Usirudie kiasi kile kile kwa uamuzi wako, wapime kwanza. Kisha mpigie mratibu wa utafiti umweleze kila kitu. Zipo tafiti zinazoruhusu mshiriki aendelee na dawa yake ya zamani, mradi kiasi kisibadilike. Huenda ulijitesa kwa sharti ambalo halipo.

Ngalawa
Nilisema mapema kuhusu hizi tafiti.

Binti Msomi
@Ngalawa watafiti hawajamgusa bado. Kilichomdhuru ni kuacha dawa bila wao kujua.

Sindano na Uzi
Nimerudi. Presha ilikuwa juu, wamepima na umeme wa moyo, hawakuona shambulio. Daktari amenirudishia dawa kwa kiasi kidogo na atanipandishia. Mratibu wa utafiti nimempigia nikiwa bado hospitali. Hakunigombeza. Amesema fomu itaandikwa upya na siku ya vipimo imesogezwa mpaka presha itulie, na kama sharti lao ni kukaa bila propranolol, wao na daktari wangu ndio watakaonipunguzia. Hajaniahidi kwamba nitachukuliwa. Nahofia jina langu lina doa sasa.

Nesi Mstaafu
Kwenye fomu mpya andika pia dawa za mafua, za pumu, za usingizi, na pombe kama unatumia. Pombe huwatuliza wengi wenye mtetemo wako, na wengi huificha. Usiku huu moyo ukikimbia tena, rudi kule kule.

Mpekuzi
Nimesoma la mzee wako. Pole, mkuu. Ukipimwa utujulishe.